Sarafu Juu ya Mtutu

Duka liko ghorofani, Mtaa wa Mkwepu:
mlango wa chuma, kengele, kisha mlango mwingine wa chuma,
na feni inayozunguka kwa uvivu wa mdaiwa.
Bwana Haiderali anapanga risasi tatu juu ya kitambaa cha kijani
kama mama ntilie anavyopanga vitumbua:
kidogo, cha kati, na kile cha mwenye njaa.

"Chagua," anasema. Kisha anaghairi.
"Hapana. Niambie kwanza unakwenda kuua nini."

Ami Lwambo ananijibia kabla sijameza mate:
"Tatu sabini na tano! Kama ya marehemu baba yake.
Porini hujui utakutana na nani.
Mbogo haulizi kama leseni yako imeandikwa swala."
Anaipapasa ile nene, nene kama kidole gumba cha mpagazi,
na macho yake yamekwisha fika Kisaki.

Bega langu la kulia linakumbuka vizuri kuliko mimi.
Miaka kumi na sita, chungwa juu ya kichuguu,
baba kasimama nyuma yangu,
mshindo,
na anga yote ikanikalia kifuani.
Wiki nzima niliandika kwa mkono wa kushoto.
Chungwa halikuguswa. Tulilila jioni.

Wala si mimi peke yangu. Hili Ami hapendi lisemwe.
Baba naye alikuwa akifumba jicho.
Nilimwona: robo ya sekunde kabla ya kidole
kope zinashuka kama mlango wa duka saa ya adhana.
Ndiyo maana yule pala wa Agosti
aliondoka na risasi tumboni.
Tukafuata matone kwenye majani makavu,
tukayapoteza, tukayaona, tukayapoteza,
mpaka mwanga wa tochi ukawa mwekundu.
Usiku ule baba hakula. Alisafisha bunduki mara mbili,
akailaumu darubini.

"Swala pala," namwambia Haiderali. "Pongo, nikijaliwa.
Hatua mia, mia na nusu. Si zaidi."

Anatoa sarafu ya shilingi mia,
anailaza juu ya mtutu mtupu, upande wa swala ukitazama dari.
"Fyatua. Isianguke."

Tatu sabini na tano: ilianguka kabla hata ya mlio.
Bunduki tupu, na bado bega likajikunyata.
Tatu sufuri nane: ikayumba, ikabingirika chini ya kabati,
Ami akainama kuitafuta, akihema:
"Basi angalau hii. Risasi zake hata Morogoro unapata.
Hiyo ya kitoto utailisha nini?"
Ana haki. Bunduki isiyo na risasi ni mwiko wa ugali, tena mzito.

Mbili arobaini na tatu.
Nikavuta pumzi, nikaiachia nusu.
Tik.
Swala walibaki pale pale, wakikimbia.

Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto, Amana.
Mkono huu hutafuta mshipa mwembamba kuliko uzi
kichwani mwa mtoto wa siku nne.
Hakuna aliyewahi kuniambia: dada, leta sindano nene zaidi,
ukikosea utakuwa umepata.

Sikuyasema hayo dukani. Nilisema tu, "Hii.
Na kibali kikitoka uniwekee visanduku vitano, zisije zikaadimika."
"Na mbogo je?" Ami hajakubali.
"Nikimwona mbogo, Ami, nitapanda mti."
Haiderali alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Bunduki ikarudi kabatini. Bado kuna barua ya mtaa,
alama za vidole, polisi, na njoo kesho, na njoo Jumatatu.
Nilishuka ngazi na sarafu tu; alisahau kuidai.

Sasa ni usiku, Tabata, umeme umekatika.
Nimeilaza juu ya mpini wa ufagio, mshumaa mbele yangu.
Navuta pumzi. Naachia nusu.
Mara ya kumi na nne imeanguka.
Naipapasa sakafuni, naiokota,
naanza upya.