Kinyota Chekundu

Kiwanja cha Mabela bado ni kifusi na kamba,
vigingi arubaini na vitatu, paka mmoja,
nami nimo ndani ya kontena, kiyoyozi kinakohoa,
najenga kabla ya wajenzi.

Mfumo huu mpya haujui kitu.
Haujui saruji. Haujui Ijumaa.
Ukiufungua unauliza tu,
na ubavuni mwa kila swali kinyota chekundu:
hupiti mpaka useme.

Haya, nasema.
Saruji, mfuko. Nondo, tani. Vigae, mita ya mraba.
Mchanga umenitoa jasho: mafundi wanahesabu kwa karai,
na karai haimo katika orodha ya vipimo.
Nimeiongeza. Karai moja ni kilo ngapi?
Nimebeba mizani ya jikoni kutoka nyumbani,
ikavunjika.

Wikendi: Ijumaa, Jumamosi.
Juni mpaka Agosti, saa sita na nusu
mpaka saa tisa na nusu, hakuna mtu juani.
(Mfumo unasema kumi na mbili na nusu.
Kwetu hiyo ni magharibi imeshaingia.)
Nyumba aina ya kwanza: vyumba vinne, sebule, jiko.
Majlisi haimo.
Aliyeutunga mfumo huu hajapata mgeni wa ghafla,
hajui mlango wa pili ni wa nini.
Nimeandika: majlisi, mlango wake, choo chake,
na bomba la kunawia mkono kabla ya kahawa.

Mhandisi Hamdun kachungulia.
"Shinuna, jaza chochote. Tutarekebisha baadaye."

Baadaye.
Bibi yangu aliposhuka huku kutoka Wete
karani alimuuliza, umezaliwa lini?
Akasema: usiku, mvua ya vuli,
mwaka ule karafuu zilipoozea majamvini.
Karani akatazama saa yake, akaandika mosi Januari.
Mtaa mzima wetu umezaliwa mosi Januari.
Kila mwaka benki inampelekea salamu za kheri kwenye simu,
naye ananipa nimsomee, halafu anauliza:
"Nani huyo kazaliwa?"

Nimefika kwenye orodha ya mafundi.
Jina: Rafiqul.
Jina la ukoo: kinyota chekundu.
Katika daftari la zamani wamemtilia nukta.
Nukta tu, kama inzi aliyetua akasahau kuruka.
Nimeivaa kofia, nimetoka.
Alikuwa amechuchumaa anavuta kamba ya kiwanja namba saba,
nikamuuliza kwa Kiarabu changu na Kihindi cha sinema.
Baba? Jina la baba?
Akaichukua penseli sikioni,
akaandika juu ya ubao kwa herufi zake, zinaning'inia
kama nguo kambani, halafu akanitamkia,
pole pole, mara tatu:
Mofizuddin.
Akangoja nirudie.
Nilikosea. Akacheka. Nikarudia.

Sasa limo.
Muuza kokoto nimemwingiza mara mbili kwa makosa,
na mfumo unakataa kumfuta: rekodi hii inatumika.
Nani amekwisha mtumia, na hatujamwaga hata ndoo ya zege?

Nimebonyeza hifadhi.
Gurudumu dogo limezunguka, limezunguka,
mpaka likatulia.
Wasambazaji: 61. Vipimo: 18.
Mafundi: 27, wote wana baba.
Nyumba: 0.

Nje, Rafiqul anakipiga kigingi tena.
Kilikuwa kimepinda kidole kimoja.