Shimo la Asaa

Asaa alilichimba likamfika kiunoni, akaliacha.
Lilikuwa liwe la choo kipya, choo cha vigae.
Simu ya kazi ikaja, keshoye akavuka,
sepetu ikabaki imesimama udongoni
kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Masika yaliliona kabla yangu.
Udongo wa Limbani ukayanywa maji siku tatu,
pakabaki tope na nyayo za bata.
Nikatandika turubai kuukuu la kuanikia karafuu,
matundu yake mawili nimeyaziba
kwa lami na kipande cha ndara.
Maji yakakaa.
Mbu nao wakakaa.

Mize akachungulia juu ya ua wa makuti:
"Maji matupu, shoga, ni nyumba haina mwenyewe,
ataingia yeyote. Panda kitu."

Nipande nini? Mkono wangu wajua mchicha na pilipili,
vinavyotaka maji, si vinavyolala ndani yake.

Cha kwanza nilichopanda kilikuwa kosa.
Gugumaji, lenye ua la zambarau. Nilipewa bure,
na bure, kumbe, ina bei yake.
Wiki ya nne shimo silioni tena, ni zulia;
kuku akadhani ni uwanja, akapita,
tukamwopoa kwa ungo.
Nikaling'oa lote, nikalianika juani hadi likawa kamba,
lisije likajua mtaro, mtaro ukalijulisha bonde.

Ndipo Shaame Faki, anayelima mpunga Chwale,
akaja na matope yake magotini, hata hakukaa.
"Anza na mmea usiokutaka uwe fundi."
Akatoa majimbi matatu, vichwa tu, majani kakata.
"Haya yawe ukingoni, miguu majini, kichwa nje,
kama mtoto asiyejua kuogelea.
Ndago huyu mtie ndooni, ndoo uitie majini.
Ukimwachia mizizi, ni shemeji:
umempa jamvi, kesho yuko kitandani."

La mwisho alilitoa mfukoni, limefungwa gazetini:
kipande cha mzizi, mfano wa kidole cha tangawizi.
"Yungiyungi. Udongo mzito, usitie samadi,
kokoto juu, samaki wasichokore.
Na usilizamishe siku moja. Weka tofali chini yake.
Jani likiona jua, ndipo utoe tofali."

Sufuria lililotoboka nilikuwa nalo.
Matofali pia, ya Asaa, ya choo.

Perege sita nikatia kwa ajili ya mbu.
Kisha siku kumi na tisa za kutazama maji,
na Mize akiuliza, na mimi nikisema, bado.
Ya ishirini likaja jani, dogo, jekundu kwa chini,
limekunjwa kama barua.
Nikatoa tofali.

Sasa ni nusu kwa nusu: nusu majani,
nusu nimeiachia mbingu, Shaame kasema samaki wanaitaka.

Ijumaa Asaa akapiga, saa tatu ya asubuhi.
"Mama, lile shimo mmelifukia?"
Nilikuwa nimesimama palepale, ndara zimelowa,
mbele yangu ua la buluu, la kwanza.
"Hapana," nikamwambia. "Limefunguka."

Akanyamaza. Nikasikia kiyoyozi cha huko kikinguruma.

Choo utakuja kuchimba kingine, mwanangu,
upande wa mpapai, udongo ni laini.
Matofali yapo yote, nimeyahesabu.
Moja tu limeota ukijani.
Hilo usiliguse.