Nilipewa Neptuni

Mwalimu Casimira alilaza tairi la trekta juu ya chumvi,
akalipiga teke moja: "Hili ndilo jua."
Chumvi ilikuwa nyeupe hadi macho yalipochoka,
uwanda wa Bolivia usio na jani wala kilima cha kujifichia,
na sisi wanane, midomo imepasuka kwa baridi,
tulipanga foleni kupokea sayari zetu.

Utaridi ilikuwa punje ya dengu.
Akaichukua Nemesio mwenye miguu mifupi,
hatua sitini na tano, basi.
"Huna hewa ya kujifunika. Mchana unaungua, usiku unaganda."
Nemesio akavua mkono mmoja wa koti
akasimama hivyo, nusu yake ikitetemeka.

Zuhura na Dunia, njegere mbili za ganda moja,
wakapewa mapacha.
Lakini Delfina, huyu wa Zuhura, aliamriwa azunguke kinyume na wenzake,
taratibu, taratibu mno,
mwaka wake uishe kabla hajajigeuza mara moja.
Rufina wa Dunia hakuambiwa kitu.
Alilalamika. Mwalimu akamjibu, "Wewe pumua tu."

Mirihi: kichwa cha msumari wenye kutu.
Mshtarii: chungwa lenye doa jekundu,
"na doa hilo ni tufani, nyumba yetu yote ingezama humo."

Kwa Kihispania Zohali ni Saturno,
basi Saturnino akapiga kelele kwamba huo ni urithi wake.
Akakabidhiwa kitunguu kilichovishwa ukingo wa kofia kuukuu.
"Zohali ni nyepesi, ukiitia majini inaelea."
"Maji yako wapi?" akauliza Saturnino,
na chumvi yote ikanyamaza.

Vikabaki viazi viwili vya chuño,
vile tunavyovigandisha usiku na kuvikausha juani.
Hilaria akapewa Uranusi, akaambiwa akifika alale ubavu,
maana sayari hiyo huviringika kama pipa lililoanguka.
Cha mwisho kikaja kwangu.
"Hatua elfu tano," alisema. "Usiibe hata moja."

Nilihesabu kwa Kiaymara, ulimi ulipokauka nikahesabu kwa vidole.
Nilimpita Hilaria amelala, akanipungia mguu.
Baada ya hapo upepo ulikuwa wangu peke yangu,
na mwalimu alikuwa amesema kweli:
hakuna sayari yenye upepo mkali kama Neptuni.

Elfu tano. Nikageuka.
Jua lilikuwa nukta.
Nikapepesa macho, sikuwa na hakika tena kama ni nukta
au ni unyevu wa jicho langu.
Filimbi ya kurudi ilipigwa, naambiwa.
Sikuisikia.
Nilikaa kitako, nikawaza miaka mia moja na sitini na mitano,
mzunguko mmoja,
bibi yangu asingemaliza hata nusu.

Kule kwenye tairi waligawa mikate.
Mikate minane, midomo saba.
Mwalimu akautazama ule mkate mmoja,
akahesabu upya, akaurukia baiskeli.
Neptuni ya kweli nayo, alituambia wiki iliyofuata,
ilijulikana kwa hesabu kwanza:
kitu fulani kilikuwa kinakosekana,
ndipo mtu akaelekeza jicho.

Aliponifikia alikuwa anahema, sketi imejaa chumvi.
"Sayari iko wapi?"
Nikafumbua kiganja.
Nilikuwa nimeshaing'ata robo.