Punda wa Bati

Kanda ilikuwa ya kukodi, nusu riyali kwa siku mbili,
duka la Kuttan, nyuma ya pampu ya mafuta, Wadi Kabir.
Jalada limebabuka kwa jua: punda wa bati, msichana wa skafu,
na maandishi tuliyokuwa bado tunayafuata kwa kidole.

Tulikuwa sita zuliani.
Kiyoyozi kinatetemeka dirishani kama mwenye homa,
nje Juni imewafungia ndani hata paka.
Nyuma yetu Bibi Zuwena na chano cha mchele,
anachambua. Mimi siangalii, alisema, mimi nachambua.

Theluji hatukuijua. Ghalib alisema ni chenga,
kichwa cha video kimechafuka,
akainuka kwenda kukipangusa kwa manukato ya Mama.
Thuweiba akamvuta kanzu: kaa, kwao ndivyo kulivyo.

Mji umeganda kwa kuwa saa ya mnara imekatika kamani.
Na punda anayo moja, tumboni, nyuma ya kijilango cha bawaba,
hiyo hiyo iliyomtembeza tangu kanda kuanza
akilalamika, akiimba vibaya, akiogopa madaraja.
Tulimcheka. Sina budi kulisema hilo.
Tulimcheka saa nzima kasoro robo.

Penye ngazi ya mnara akamwambia msichana,
kwa Kiarabu kile cha vitabuni
ambacho sokoni hakuna amwambiaye mwenziwe:
Tangulia. Mimi naja nyuma.

Msichana akapanda na furushi la skafu, hajui amebeba nini.
Punda akabaki na mguu mmoja juu,
hatua iliyokwishaanza, isiyotua.
Hapakuwa na muziki. Theluji tu, inamjaa mgongoni.

Hakuna aliyetangulia kulia.
Ilikuja kama wadi inavyokuja:
mawe makavu, mawe makavu,
kisha mlima mzima uko mlangoni.

"Kasema nini?" akauliza Bibi.
Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha kununulia vitunguu.
Nikamfasiria, kamasi zinanichuruzika:
kasema tangulia, mimi naja nyuma.

Vidole vikasimama juu ya mchele.
"Mwongo," akasema. Si kwa hasira.
Kama mtu aliyemtambua mtu
katika picha ya harusi ya wengine.
"Hivyo hivyo alisema Mbarouk, pale gatini."

Mbarouk nani?
Mama akatoka jikoni, akakizidisha kiyoyozi.

Kwenye filamu saa ikagonga, barafu ikapasuka,
watu wakacheza, msichana akapewa keki.
Sisi na keki wapi na wapi. Ghalib akairudisha kanda,
akairudisha tena, mara tisa kwa siku mbili,
huenda safari hii punda akapata akili.
Mwisho kanda ikachakaa pale pale penye ngazi,
chenga za kweli zikaangukia theluji
na hukuweza tena kusema ipi baridi, upi uchakavu.
Kuttan alitutoza riyali mbili.
Mama alilipa bila neno, yeye aliyegombana kwa baisa kumi.

Mwaka huu nimeipata tena, picha safi, haina hata mkwaruzo.
Binti yangu Raya, miaka saba, katazama yote na chipsi zake.
"Kwa nini hawakununua kamani nyengine?"
Swali zuri. Sikuwa na jibu.

Lakini kuna jambo chenga zilikuwa zimelifunika.
Miaka yote nilikumbuka kijilango kiko wazi,
kinaning'inia, ndani kweupe kama kopo la maziwa.
Si kweli. Kabla hajasimama
punda anainamisha shingo, anakisukuma kwa pua, anakifunga,
ili msichana akigeuka ngazini
aone punda tu, mzima, anayesubiri.

Raya alikwishakwenda kulala.
Nikakaa na yule Mbarouk ambaye hadi leo sina sura yake,
najiuliza mkono upi alipunga,
na ule mwengine
aliuficha na nini.