Nyuma ya Ubao

Fundi Sizya aliushusha ukutani Jumanne,
ubao wa mninga wenye majina ya manahodha.
Misumari minne, mmoja ulikatika kichwa.
Mchwa walikuwa wameshakula
hadi mwaka thelathini na mbili.

Mimi ndiye katibu wa klabu siku hizi.
Wanachama kumi na tisa, walipa ada saba,
na mmoja wao alishahamia Mwanza.

Mbele tunakujua sote:
mabwana wa reli, mabwana wa boma,
kisha Figueiredo, mkuu wa stesheni,
aliyepita kwa kura moja
(inasemekana mpigaji alikuwa amelewa),
kisha Nanji wa duka la vitambaa, mara tatu,
kisha pengo,
kisha Mwalimu Mihayo, kwa rangi ya kupakia milango,
dhahabu ilikuwa imekwisha Tabora nzima.

Babu yangu hayumo.
Babu alivuta rola la jiwe,
yeye na Ndaki na punda aitwaye Gavana
(mbele ya wageni aliitwa Kijivu),
alfajiri, umande ukiwang'ata vifundoni,
wakilaza udongo wa kichuguu uliotoka Ipuli kwa toroli.
Udongo ule ukilowa ukashindiliwa, mpira hudunda kama juu ya saruji.
Kwa hiyo mchwa waliojenga uwanja
ndio waliorudi kula majina.
Sioni kosa lao.

Sizya akaugeuza ubao apulize vumbi.
Akanyamaza. Akaniita.

Makaa. Mistari mitano mitano, iliyofungwa kama kuni,
na mwandiko ninaoujua kutoka kwenye daftari la madeni ya asali:
*Jumapili. Waokota Mipira 41, Wapishi 38.*
Wenyewe wako kanisani, huku gongo ni ubao wa kitanda,
mpira ni tairi lililosokotwa kamba.
*Ndaki 6. Mpishi wa Bwana Daktari 0, amekasirika.*
Na chini kabisa, herufi zimebanana
kama mtu anayesikia gari linarudi:
*Kapalata 22, hakutoka.*

Hakutoka.
Nimelisoma neno hilo nimesimama, kisha nimekaa.

Sizya akauliza, tuutundike upande upi?
Nikaitisha mkutano. Walikuja wanne.
Kura zikawa mbili kwa mbili,
na katiba yetu haimpi katibu kura.

Basi umesimama kwa ubavu pale mlangoni
tangu mwezi wa Machi, umezibia njia kidogo.
Kila aingiaye na raketi yake
lazima ageuke.