Namba Kumi na Tisa

Ijumaa ya mshahara napita kwa Effie,
mtaa wa Duke, Glasgow, duka jembamba kama kabati.
Kengele ya mlango ilikufa zamani; ukiingia, unakohoa.
Mvua imenifuata hadi ndani. Effie haniulizi habari.
Anasema tu: "Chumvi wametoa kitu."

Chumvi ni Chumvi ya Barabarani,
lebo ya watu wawili, Iain na Parveen,
chumba kimoja juu ya muuza samaki na chipsi,
santuri mia tatu kila toleo, zikiisha zimeisha.
Jina walilitoa kwenye ile chumvi chafu ya kahawia
ambayo manispaa hutumwagia Januari
tusivunjike nyonga.

Wanaowapigia siwajui, wala sina haja.
Mimi nanunua nembo: beleshi dogo jekundu, mpini umepinda.
Mama hakuuliza unga kausaga nani,
aliangalia mfuko.

Beleshi halijanidanganya. Isipokuwa namba saba:
dakika arobaini za friji. Naapa, friji.
Nikaichukia wiki tatu.
Ya nne nikajikuta kazini, kwenye dobi ya hospitali,
kati ya mashuka ya waliopona na ya wasiopona,
nimesimama mbele ya mashine ya kukausha
kama mtu anayenong'onezwa.
Namba saba nimemwazima mtu mmoja tu.
Hakuirudisha. Simlaumu.

Nyuma ya jalada huwa kuna shukrani,
herufi za sisimizi, unazisoma kwa kukunja uso.
Humo nilikuta Kiwanda cha Maziwa, lebo ya Hamilton, Kanada;
na nyuma ya santuri yao, shukrani nyingine,
kwa msichana wa Leeds anayetoa kaseti tu,
anazifunga kwa uzi wa kushonea.
Ni kama kuulizia nyumba ugenini:
huyu anakuelekeza kwa yule,
yule anasema pumzika kwanza, chai iko jikoni,
na nyumba uliyoitafuta unaisahau.

Basi. Ilitoka kumi na nane.
Halafu ikatoka ishirini.
Nikahesabu rafu mara mbili, kama muuza mayai.

"Kumi na tisa haipo," Effie akasema,
akibandua bei kwenye kitu kisichonunulika.
"Iain alitaka kipande kiishe. Parveen anasema hakiishi."
"Sasa?"
"Sasa kimekaa kwenye sanduku, na wao hawasemezani
ila kwa mambo ya posta."

Nyumbani nimeacha pengo,
upana wa ukucha, kati ya kumi na nane na ukuta.
Usiku jirani akiwasha bomba la maji ya moto,
mabomba yakagonga, yakapumua, yakagonga,
nasema: labda ndiyo hiyo.
Mwanangu alitaka kuchomeka daftari pale.
Nilimfokea, kisha nikaona aibu,
kisha sikuliziba.

Leo nimevaa hedifoni za duka, zimefungwa kwa plasta.
Ishirini inaanza kwa kimya chenye vumbi.
Besi inafika, si ya kifua; ya magoti.
Kuna kitu kama sarafu zikihesabiwa chini ya maji.
Ngoma haiji. Haiji.
Dakika ya tano inaingia imechelewa, imelowa,
kama mimi, inakohoa mlangoni,
na mwili wangu wote unasogea kuipisha.
Effie ananitazama, anageukia dirishani,
ana adabu hiyo.

Kabla ya kulipa nikaiinamisha kwenye taa.
Pale katikati, sindano inapokosa la kusema,
mtu amekwaruza kwa msumari, mkono unatetemeka:
*kumi na tisa, bado tunabishana.*

Pauni kumi na nne.
Nikaiweka ndani ya koti, upande usiovuja.
Kwenye rafu, ishirini imekaa peke yake, mbali kidogo na kumi na nane,
kama watu kwenye benchi
wanaomwekea mtu nafasi.