Safu ya Mwisho

Panya walikula kitambaa cha bibi harusi wa Gungu,
kitenge cha Kongo, mita sita, nimeshakikata.
Nililipa. Kesho yake nikapanda Bangwe
kwa Bi Asumpta Kahabi, muuguzi mstaafu,
anayeokota paka wa watu waliochoka na paka.
Sikwenda kutafuta mwenzangu. Nilikwenda kutafuta meno.

Akanikalisha kwenye kreti ya soda,
akafungua daftari nene la kaunta.
Unaishi na nani?
Peke yangu.
Tangu lini?
Tangu mama.
Dirisha lina wavu?
Lina.
Wavu mzima?
Nikakohoa.
Ukisafiri, nani atamlisha?
Mama yangu, mimi sisafiri, mimi nashona.
Nilipoposa Kasulu hawakuniuliza nusu ya haya,
na bado walininyima.

Paka juu ya pipa, paka ndani ya karai,
mmoja amelala kwenye mizani ya kupimia watoto wachanga,
mshale umesimama kilo nne na nusu.
Nikanyooshea kidole dume la mabega, rangi ya moshi.
"Huyo hapana," akasema, hakuinua hata macho.

Akaja kwangu Mwanga kukagua.
Akatia kidole kwenye tundu la wavu,
akakitazama kidole kama kimemwambia kitu,
kisha akakaa kwenye kiti cha mama,
ambacho hakuna aliyekikalia tangu arobaini.

Jumamosi akaniletea Kengeza:
jike, ajuza, jicho moja,
sikio limechanika pindoni kama leso kuukuu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu nikamwonyesha tundu la panya.
Akalinusa kwa adabu, akarudi uvunguni.
Siku tisa, uvunguni.
Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala;
kwangu paka alikuwapo
na panya walitawala, wakamlia na dagaa wake.
Jirani yangu Ntagaye hakupita bila kuuliza:
"Fundi, askari wako ameshaamka?"

Siku ya kumi nikamtia kapuni, nikapanda tena Bangwe.
Bi Asumpta hakugomba. Bora angegomba.
Akafungua ukurasa wa Kengeza,
safu ya mwisho, juu yake: *Sababu ya kurudishwa.*
Anakula sana.
Tumepata mtoto.
Tunahamia Uvinza.
Jicho lake linanitazama.
Akanipa kalamu.

Nilikuwa na sababu nzuri, ya kweli, ya mita sita.
Kapuni akalia mara moja,
sauti ndogo, kama mkasi unaofungwa.
Kalamu ile sijairudisha hadi leo.
Naandikia vipimo.

Basi kila Ijumaa simu.
Anakunywa maji? Anakojoa?
Anakojoa vizuri, Bi Asumpta, namshukuru Mungu,
na wateja wangu wanaangalia viatu vyao.
Panya nimewanunulia mtego.
Kengeza hukaa pembeni akiutazama
kama mtu aliyelipa kiingilio.
Jioni hulala juu ya kitambaa, palipopita pasi,
na mimi, nimeshika mkasi,
nangoja ajigeuze ndipo nikate.

Ijumaa moja simu haikulia.
Kufika alasiri nimefunga kibanda.
Nikamkuta chini ya mablanketi mawili, anatetemeka,
paka saba juu yake,
thelathini na kitu uani wakidai haki zao.
Nikachemsha dagaa, sufuria mbili.
Najua kwake kila kitu huandikwa,
nikafungua daftari niandike nani amekula,
nikaangukia ukurasa wangu, kwa bahati.
Haya, si kwa bahati.

Jina. Mtaa. Kazi: fundi cherehani.
Na chini, kwa mwandiko ule wa kadi za wagonjwa:
*Anasema anataka wa kukamata panya.
Nyumba kimya mno. Wavu umetoboka, nimemwambia.
Apewe yule asiyekamata.*

Nikasoma mara mbili, mvuke wa dagaa machoni.
Nikasema ni mvuke.
"Bi Asumpta," nikaita, "huyu mweusi mwenye kovu,
anaitwa nani, nimwandike?"

Kutoka chini ya mablanketi:
"Kwanza ondoa mikono yenye dagaa kwenye daftari langu."